Mama mmoja, kadi tatu

Leo nimetoka kazini kichwa kinagonga.

Natunza kumbukumbu za wagonjwa hapa Tanga. Asubuhi kaja mama mjamzito, kliniki. Kumtafuta, namkuta mara tatu: Mwanaisha, Mwana Aisha, Mwanaesha. (Jina nimelibadilisha, msianze!)

Kadi mbili zinasema malaria, kwenye mfumo msimbo wake B54. Ya tatu, kwa kalamu nyekundu: "Salfa inamdhuru."

Na leo alikuwa anywe SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Ina salfa ndani.

Yale maandishi mekundu bado nayaona.

Jioni barazani, kikombe cha kahawa mkononi, nikamhadithia mjomba, mstaafu wa jeshi. "Mjomba, kwenye ujasusi ni hivyo hivyo," akasema. CIA walimjua Khalid al-Mihdhar, mmoja wa walioteka ndege za Septemba 11, tangu Januari 2000, kwenye kile kikao cha al-Qaida cha Kuala Lumpur. Jina lake kuingia kwenye orodha ya kuzuiwa, Agosti 2001. Keshafika Marekani zamani.

Nikajitapa kwamba dawa yake sisi tunayo: ontolojia. Kitu kimoja namba moja, hata kiitwe majina kumi, halafu unaeleza hiki ni aina ya nini na kinahusiana na nini. SNOMED CT, ile orodha ya kimataifa ya istilahi za tiba, ndivyo inavyofanya kwa magonjwa.

Mjomba kapiga funda. "Na ukiunganisha kadi za watu wawili tofauti?"

Nikanyamaza. Mgonjwa wangu nitamuuliza mwenyewe. Anayefuatiliwa na majasusi hajui hata kama ana kadi.

Wenzangu wa mafaili, nyie mnaunganishaje? Na jina lako limeshaandikwa vipi na vipi?