Kichwa kikijaa navaa raba

Kuna kipindi mambo ya kazi yalinibana mpaka usingizi ukakata, saa nane usiku niko macho nawaza ripoti na ada ya mtoto, dada akaniambia mdogo wangu toka nje ukimbie, utakuja kunishukuru. Basi nikaanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri natokea mtaa wa Area C hapa Dodoma naelekea upande wa Mlimwa, na siku ya kwanza aisee sikumaliza hata dakika kumi, mbavu zinachoma, koo kavu, maana Dodoma tuko juu kama mita 1,100 hivi na huu upepo wetu wa mwezi wa saba unakupiga vumbi usoni.

Lakini ile dakika ya ishirini ndo utamu ulipo. Pumzi inakaa sawa, unasikia tu raba zinagonga changarawe, ta ta ta, na lile jambo lililokuwa linakukaba unaliona dogo. Wataalamu wanasema mazoezi yanashusha homoni za msongo kama kotisoli, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wao wanashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mi nakimbia siku nne nusu saa nusu saa na wikendi natembea.

Kuna bibi anauza maandazi pale njiani, nikipita ananisalimia kwa Kigogo "mbukwa mwanangu!" nami naitikia huku nahema, yaani siku nisipopita kesho yake lazima aulize nilikuwa wapi.