Wateja wanaotafuna kucha walivyonifundisha kubandika upya

Mara ya tatu mteja wangu mmoja mtafuna kucha alirudi siku ya tisa tu baada ya kubandikwa, mikono ameificha chini ya mkoba. Kucha nne kati ya kumi zilikuwa zimebanduka, na mbili kati ya hizo alikuwa amezimalizia mwenyewe kwa meno. "Dada, nisamehe," aliniambia, kama vile yeye ndiye aliyeharibu kazi. Na wakati ule nami niliamini hivyo hivyo. Saluni tulikuwa na jibu moja kwa wateja wa aina hii: mate. Mtu anashinda na vidole mdomoni, zitashika vipi?

Nilimtengenezea tena bila malipo, ila safari hii zile zilizobanduka sikuzitupa. Nilizigeuza nikaziangalia upande wa chini, kwenye mwanga. Sehemu iliyokuwa karibu na mzizi wa kucha ilikuwa na utando mweupe, mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Ngozi ile. Akriliki yangu, ule mchanganyiko wa poda na kimiminika (likwidi) unaokauka ukawa mgumu juu ya kucha, haikuwahi kushika kucha yake pale. Ilishika ngozi mfu iliyotambaa juu ya kucha, ngozi ikaachia, kazi yote ikafuatana nayo. Mate hayakuwa na kesi ya kujibu.

Tangu siku hiyo, kucha iliyobanduka huwa naisoma kabla ya kumlaumu mtu. Ikianzia kwenye mzizi, mara nyingi ni maandalizi mabaya, au nimemwaga akriliki ikagusa ngozi. Ikianzia pembeni, nimeacha mikunjo ya kando bila kusafisha. Ikianzia mbele, kwenye ncha, hiyo ndiyo hasa ya watafunaji, na ilinichukua muda mrefu zaidi kuielewa.

Kidole cha mtu aliyetafuna kucha kwa miaka kina umbo lake. Kucha ni fupi na pana, na kwa kuwa haifiki mwisho wa kidole, nyama ya mbele hupanda juu ikasimama kama ukuta. Sasa wewe unambandikia tipsi ndefu, ile kucha ya plastiki ya kuongeza urefu, juu yake. Nilimwomba yule dada abonyeze kidole mezani, taratibu, huku nikimwangalia kwa ubavuni. Nyama ilisukumwa juu, ikainua tipsi kutoka chini, na pale ilipokutana na kucha yake pakafunguka ufa mweupe. Kila anapofunga kifungo, anapobonyeza simu, anapobeba kitu, ufa ule unavutwa. Na kucha yake yenyewe ni kipande kidogo tu cha kushikia! Tipsi ndefu kwenye kucha fupi ni mtaimbo unaojing'oa wenyewe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni urefu. Nilimwambia, "Safari hii nakupa fupi, zivuke nyama kidogo tu." Hakufurahi. Alikuja akitaka kucha ndefu za kupendeza, na mimi nampa kitu ambacho watu wanaweza hata wasikione. Tukakubaliana: zikikaa, tunaongeza kidogo kila anaporudi.

Tipsi zenyewe nilikuja kuziacha kwa wateja wengi wa aina hii, kwa sababu kikombe cha tipsi, ile sehemu inayokalia kucha, kinaweza kumeza kucha yao karibu yote, na gundi ya tipsi ikabaki kubeba kazi ambayo akriliki ingeifanya vizuri zaidi. Natumia karatasi ya fomu, inayowekwa chini ya ncha ya kucha ili akriliki ijengwe juu yake. Nayo haikubali kirahisi, maana hakuna ncha ya kucha ya kuiingiza chini yake. Naikata kwa mkasi ifuate mviringo wa nyama, kisha naisukuma nyama chini kwa upole huku nikiibana. Akriliki naijenga nene kidogo pale kucha inapoishia, ndipo pabebe uzito, halafu naiteremsha iwe nyembamba kabisa inapokaribia ngozi.

Maandalizi ndiyo yanayokula muda wangu mwingi. Zamani nilikuwa nalowesha vidole kwenye maji ya uvuguvugu ili ngozi ilainike. Hilo nimeacha kabisa. Kucha hunyonya maji ikatanuka, unabandika juu yake, baadaye inakauka na kusinyaa, na kilichokuwa juu hakisinyai pamoja nayo. Sasa nalainisha ngozi kwa dawa ya kulainishia, naisukuma nyuma, kisha nakwangua ule utando uliolala juu ya kucha hadi nione kucha tupu. Kwa watafunaji utando huo ni mwingi na mgumu, kwa sababu ngozi yao imejeruhiwa na kupona mara nyingi. Napaka dawa ya kukausha unyevu na mafuta, halafu praima, ile ya kusaidia akriliki kushika, kidogo sana, ncha ya brashi tu. Praima nyingi haimaanishi kushika zaidi. Nilishawahi kuamini hivyo pia.

Msasa napitisha mara moja mbili, kuondoa mng'ao tu. Kucha zao huwa tayari zimechoka, ukizikwangua sana unazifanya karatasi; anayewekewa jeli ataruka kwenye kiti ikianza kuunguza chini ya taa ya kuikaushia.

Brashi yangu nayo ilikuwa na makosa. Nilikuwa nachukua likwidi nyingi kuliko poda, tone linatiririka hadi kwenye ngozi. Hilo hubandua kucha, lakini lina ubaya mkubwa zaidi: akriliki ambayo haijakauka ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na ukishampata mtu kwa kawaida haumwachi. Naacha uzi mwembamba wa nafasi kati ya akriliki na ngozi, pande zote.

Kuna siku namrudisha mteja nyumbani. Kidole kikiwa kimevimba, chekundu, kinauma au kina usaha pembeni, sikibandiki chochote, hata aniombe vipi. Hicho ni cha kuonwa na daktari kwanza. Na kucha iliyobanduka siijazi kwa gundi juu juu. Unyevu unaonaswa chini yake hulea bakteria, ndiyo maana wengine hukuta doa la kijani. Naitoa, nakausha, naanza upya.

Jambo la mwisho nililobadilisha ni ratiba. Wateja wengine nawaona baada ya wiki mbili au tatu. Huyu nilimwita baada ya siku saba, akiona dalili yoyote au asione. Mtafunaji halali mpaka atafute pa kuanzia. Ulimi ukikuta ukingo mdogo tu umenyanyuka, meno yanafuata. Napitisha msasa laini kwenye kingo zote na kumwachia mafuta ya kucha kwenye mkoba. Mikono ikimwasha, ajipake badala ya kutafuna. Kumgombeza nimeacha. Wengi wamegombezwa tangu utotoni, na bado wanatafuna.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo yake ilihitaji karibu nusu mwaka kujibadilisha yote. Mwezi wa tatu ile nyama ya mbele ilikuwa imeanza kushuka, na kwa mara ya kwanza fomu iliingia chini ya kucha bila kubembelezwa. Siku hizi anakuja kila baada ya wiki mbili, mkoba ameuweka sakafuni. Kidole gumba cha kushoto tu ndicho hakijatulia. Anakirudia akiwa na mawazo. Nakifanya kifupi kuliko vingine vyote, na akikaa tu kwenye kiti, ananinyooshea hicho kabla sijauliza.