Jasho halinuki jamani, ni ile blauzi

Niliambiwa kwenye ngazi. Lifti ilikuwa imekufa siku hiyo, tunapanda mimi na dada mmoja wa idara nyingine, yuko nyuma yangu kama ngazi tatu hivi, tulipofika pale pa kupumulia akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Dada yangu usinichukie, lakini hii blauzi ya kijivu ina harufu. Zako zingine hazina, ni hii tu." Nikasema asante, nikaenda chooni nikajifungia, nikanusa kwapa, sikusikia kitu. Nikanusa tena, hamna. Nikaanza kumkasirikia nikasema moyoni huyu ana lake jambo.

Hakuwa na lake jambo. Kilichonidanganya ni pua yangu mwenyewe, maana pua ikikaa na harufu moja muda mrefu inaizoea inaacha kukuambia, ndo maana ukiingia kwa watu unasikia harufu ya nyumba yao ila ya kwako huijui hata ikoje. Kwa hiyo kujinusa ukiwa umevaa nguo tangu asubuhi ni kazi bure. Ile jioni nilifua blauzi, kesho yake ikiwa kavu kabisa na inanukia sabuni vizuri tu, nikapitisha pasi ya moto kwenye kwapa. Mvuke ulipopanda nilirudi nyuma hatua moja. Kitunguu kilichochacha, wallahi. Yaani nguo imefuliwa, imeanikwa, imekunjwa, na kumbe mzigo wote uko ndani unasubiri joto la kwapa tu. Ndo ikaeleweka kwanini natoka nyumbani nanukia halafu ikifika saa nne asubuhi mambo yanaharibika.

Hapa ndo wengi tunapotea, tunahangaika na mwili wakati shida iko kabatini. Jasho likitoka halina harufu. Mwilini tuna matezi ya jasho aina mbili, kuna yale yaliyotapakaa kila mahali yanayotoa maji na chumvi ili mwili upoe, halafu kuna yale ya kwapani na kinenani yanayoamka mtu akibalehe, ndo maana mtoto mdogo anaweza kukimbia kutwa nzima akalowa chapa lakini kikwapa hana. Hayo ya pili yanatoa kitu kizito kidogo, kina mafuta na protini, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wakikila hicho ndo wanaachia harufu. Sasa hao bakteria na hayo mafuta hawabaki kwenye ngozi tu, wanahamia kwenye nguo. Ngozi unaisugua kila siku. Nguo je?

Na nguo hazifanani. Poliesta ndo baba yao wote, yale mashati yasiyojikunja tunayoyapenda kwa sababu ya uvivu wa pasi, ule uzi haupendi maji lakini mafuta unayakumbatia, kwa hiyo maji ya kufulia yanapita juu juu na mafuta yanabaki. Pamba inanuka pia lakini inafulika. Blauzi yangu nilipoangalia kile kilebo cha shingoni, poliesta mia kwa mia. Halafu mimi kwa akili yangu nilikuwa kila nikiisikia haijakaa sawa naongeza sabuni na ile dawa ya kulainisha nguo, kumbe nazidi kuharibu, maana kilainishi kinaacha utando juu ya uzi na sabuni ikizidi haisuuziki yote, inabaki mle mle inashikana na mafuta. Taulo zinazonuka zikishalowa zina ugonjwa huo huo, na pia hazinyonyi maji vizuri, unajifuta unaona maji yanahama tu toka begani kwenda mgongoni.

Kilichonisaidia ni siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, geuza nguo ndani nje, loweka lile eneo la kwapa nusu saa, suuza, ndo ufue na sabuni ya kiasi. Kilainishi acha. Anika haraka penye hewa, nguo ikikaa mbichi kwenye beseni au kwenye mashine masaa mengi inavunda na unaanza upya. Na kama unatumia mashine, pitisha kidole kwenye ule mpira wa mlangoni, ukitoka na ute mweusi basi umepata jibu la swali lako. Futa, iache mlango wazi, na mara moja moja iwashe tupu kwa maji ya nyuzi 60.

Ila naomba hapa usome mara mbili: siki na jiki havikutani. Sio beseni moja, sio leo moja kesho nyingine kabla hujasuuza. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini na hiyo inachoma macho na mapafu, kwenye bafu dogo lisilo na dirisha unaweza kuanguka. Jiki na dawa za kusafishia choo zenye asidi ni hivyo hivyo, na jiki na kitu chenye amonia pia ni sumu. Isitoshe jiki haitoi yale madoa ya njano kwenye kwapa la shati jeupe, mara nyingi yanazidi kuwa ya njano. Yale hayasababishwi na uchafu peke yake, ni jasho linavyokutana na aluminiamu ya kwenye dawa ya kwapa.

Tukishafika hapo kwenye dawa za kwapa, watu wengi wananunua kopo bila kujua wananunua nini. Diodoranti inashughulika na harufu na bakteria, jasho litatoka kama kawaida. Ya kuzuia jasho ndo ile yenye aluminiamu, inaziba vitundu kwa muda. Sasa hiyo ya pili ipake usiku kabla ya kulala kwenye kwapa kavu kabisa, usiku unatoka jasho kidogo inapata nafasi ya kushika, hata ukioga asubuhi bado inafanya kazi. Mimi nilikuwa naipaka asubuhi nimetoka kuoga, kwapa bado bichi, natoka mbio, nafika kazini imeshaisha yote imekaa kwenye nguo. Na limau kwapani tafadhali acheni, limau likiwa kwenye ngozi ukapigwa na jua unaweza kuungua ukabaki na alama nyeusi miezi. Bekingi soda nayo ni kali kwa ngozi, wengine haiwafanyi kitu, mimi ilinitoa vipele siku tatu sikuweza kushusha mkono.

Haya turudi kwenye ngazi, maana swali ninaloulizwa sana sio nifueje, ni namwambiaje mwenzangu ofisini. Mimi nimekuwa upande wa kuambiwa kwa hiyo nina maoni makali. Usimwekee diodoranti mezani. Usifungue madirisha kwa mbwembwe. Na ile meseji ya kwenye grupu ya "wapendwa tuzingatie usafi" ni ukatili, kesho yake watu kumi wanajinusa kwa wasiwasi na mwenye shida ndo pekee anayedhani haimhusu.

Yule dada alipatia vitu vitatu na akakosea kimoja. Alinipata peke yangu, na alisema blauzi, hakusema wewe. Hiyo ina tofauti kubwa sana, blauzi naweza kuivua. Pia hakusema "watu wanasema", na hapa nasisitiza, ukimwambia mtu watu wanasema, hatafikiria tena harufu, atakaa anawahesabu hao watu mmoja mmoja wiki nzima. Sema mimi nimesikia. Kosa lake lilikuwa muda, aliniambia saa mbili na nusu asubuhi na sina nguo ya kubadili, nikakaa kutwa nimebana mikono kama mtu mwenye homa, kwenye kikao sikunyoosha mkono hata nilipokuwa na jibu. Kama mtu hana cha kufanya sasa hivi mwambie jioni mkitoka. Ila kama anakaribia kusimama mbele ya wageni na wewe una kanga au sweta ya kumuazima, mwambie hapo hapo na umpe hiyo sweta.

Kama ni bosi, sijui nikudanganye nini, mimi nisingesema, ningemtafuta rafiki yake wa karibu. Na mwanaume kumwambia mwanamke au kinyume chake inawezekana ila inakuwa nzito bila sababu, bora mtafute mtu wa jinsia yake anayeelewana naye.

Kuna wakati pia sio nguo. Mtu harufu yake ikibadilika ghafla, au anatoka jasho linalochuruzika hata akiwa amekaa penye baridi, au usiku analowesha shuka na anapungua uzito, huyo hahitaji siki, anahitaji daktari. Na mtu wa hivyo ukimwendea na habari za usafi utakuwa umemuonea, pengine anaoga mara tatu kwa siku.

Mdomo na viatu nitaviandikia siku nyingine, kwa kifupi tu: sugua ulimi mpaka nyuma, na kiatu kimoja usikivae siku mbili mfululizo, ndani kinakuwa hakijakauka hata kama unakiona kikavu.

Yule dada tunakula naye mchana siku hizi. Mwezi uliopita aliniita pembeni akanyanyua mkono akaniambia ninusie na usinifiche. Nikanusa. Nikamwambia ni koti, lisifuliwe na kilainishi. Blauzi ya kijivu kwa kweli siki ilipunguza lakini haikumaliza, ilikuwa imeshakula miaka minne ya kwapa langu, nikaikatakata inafutia vumbi. Mpaka leo kile kitambaa kikilowa maji ya moto, nafungua dirisha.