Babu wa Suffolk na handaki lake

Mwaka 2006 nilikua nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na kati ya wazee wangu kulikua na mmoja mkulima mstaafu, mpole, hana maneno mengi, mi nikimwita babu na yeye ameshazoea. Jumapili moja bintiye kaja na gari akasema leo tunampeleka mzee Parham, kuna makumbusho pale kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa vita, ule waliokua wanarukia Wamarekani. Nikajua tunaenda kuangalia mambo ya ndege.

Kumbe babu ana lake. Akaniambia nisukume kiti mpaka upande wa pili, kwenye maonyesho ya kikosi cha siri kilichoundwa 1940, Ufaransa imeshaanguka na Waingereza wanaona Wajerumani watavuka bahari muda wowote. Kazi ya kukiunda alipewa ofisa wa jeshi la Uingereza, Colin Gubbins, na watu wake walikua wakulima, walinzi wa misitu, mpaka majangili wa sungura, yaani watu wanaotembea porini usiku bila taa, vikundi vidogo vya watu wanne mpaka wanane, kila kikundi na handaki lake chini ya ardhi, mlango umefunikwa udongo na majani, na njia ya kutorokea upande mwingine. Adui akifika wanashuka chini wanamwacha apite, usiku wanaibuka nyuma yake wanalipua reli, mafuta na maghala ya silaha. Chakula waliwekewa cha kama wiki mbili hivi, maana hakuna aliyetegemewa kuishi zaidi ya hapo.

Bintiye akawa anasoma kwa sauti maelezo ya ukutani, mara babu akamkatisha: "Letu lilikua linavuja. Tulikua tunalala na soksi mbichi."

Yule mama akageuka akamwangalia babake. Maisha yake yote alijua mzee alikua Home Guard basi, mgambo wa kijiji, na kweli sare walivaa hizo hizo ili watu wasiulize. Mama yake alifariki anajua hivyo hivyo.

Babu akaniomba peni. Akaishika kwa vidole viwili, vile vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi, akanionyesha kiwashio chao cha bomu kilivyokua, chenye umbo la kalamu: hapa mwisho ni shaba, unaibonyeza mpaka kichupa cha ndani kipasuke, dawa inakula waya taratibu, waya ukikatika pini inafyatuka, na rangi ya utepe ndo inakwambia una muda gani wa kukimbia. Zaidi ya miaka 60 imepita na mkono haukusita hata kidogo.

Bintiye akamuuliza, na mwenzenu akiumia je? Babu akasema hatukutakiwa kumwacha mikononi mwa adui akiwa hai. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kuniomba chai.

Kwetu nyumbani mgambo wanakimbia mchakamchaka wanaimba, kijiji kizima kinajua mtoto wa nani yumo, na mama zao wanajivuna. Hawa wenzetu walisaini kiapo cha siri, wakavunjwa Novemba 1944 na kuambiwa sifa ya hadharani haitawezekana, wakapewa kibeji kidogo cha kwenye koti ambacho hakuna jirani aliyejua maana yake. Mi iliniuma sana hiyo, na bado inaniuma, mtu ukubali kufa ukiwa na miaka 19 halafu ukae na jambo hilo kifuani mpaka mkeo anazikwa.

Baada ya siku ile babu alianza kusema. Nikimaliza kumwogesha ananiambia lete daftari, ananitajia wenzake mmoja mmoja, nani alikua fundi wa mabomu, nani alikua hapotei gizani, shamba la nani ndo lilikua na handaki, wote wameshafariki kabaki yeye tu. Nimeandika kurasa na kurasa. Bintiye akazipiga chapa akazipeleka Parham, na babu akataka asome kwanza mwenyewe, akasahihisha jina la ule msitu.