Nani Ana Haki ya Kutania Mzigo?

Tangu nikabidhiwe uongozi wa shule, walimu wamekuwa wakiucheka utani wangu kuliko walivyoucheka nilipokuwa mwalimu wa darasani, ilhali utani wenyewe haujaongezeka ubora hata chembe. Sababu yake haihitaji mtafiti: mtu anayetia saini ruhusa za kutofika kazini na fomu za tathmini huchekewa hata pale asipochekesha. Nimeona niliandike hili mwishoni mwa juma ambalo ukaguzi, matokeo ya mitihani na uhaba wa walimu vilitufikia kwa mpigo, kwa sababu ushauri ninaousikia ni ule ule, kwamba kiongozi atumie ucheshi kupunguza mfadhaiko kazini, na bado sijakutana na mshauri anayekumbuka kuwa kicheko cha mdogo mbele ya mkubwa wake mara nyingi ni adabu tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Provine, aliyekuwa akiwasikiliza watu wakicheka madukani na njiani, alibaini kwamba vicheko vingi havifuati kichekesho chochote bali maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya kuagana na kusalimiana, na kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo kicheko kinaeleza zaidi uhusiano uliopo kuliko ubora wa mzaha. Chumba cha walimu kinachocheka ninapoingia hakijaniambia lolote. Kinachonieleza hali ya shule ni kama walikuwa wakicheka kabla sijaingia, na kama waliendelea baada ya kuniona mlangoni.

Mfadhaiko wa kazi hii hautokani na wingi wa kazi peke yake. Mkuu wa shule anakaa katikati: wa juu wanataka takwimu zipande, wa chini wanataka awakinge na hao wa juu, na mzazi aliyeketi nje ya ofisi anataka asikilizwe sasa hivi. Mwili hauoni tofauti kubwa kati ya hayo na hatari ya kweli. Adrenalini na kortisoli, homoni ambazo mwili hutoa wakati wa mfadhaiko, hupanda, taya hukaza, na mabega hupanda hadi karibu na masikio bila mwenyewe kujua. Kicheko cha dhati huilegeza misuli hiyo na kuitoa pumzi ambayo mwili ulikuwa umeizuia. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Robin Dunbar, na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2011, waliona kwamba watu waliotoka kucheka pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi kuliko walivyoweza kabla ya kucheka. Maumivu yalikuwa yale yale, ila ustahimilivu ndio ulioongezeka, na ndivyo ninavyoona kazini: rundo la fomu halipungui hata karatasi moja, lakini mtu analisogelea.

Jumatano asubuhi, katika kikao kifupi kabla ya vipindi kuanza, tulikuwa tukiipitia ratiba mpya iliyotolewa na programu ya kompyuta, na kila mtu alikuwa amenuna kwa sababu vipindi vya walimu waliohama viligawiwa waliobaki. Mwalimu wa hisabati akanyoosha mkono kwa utaratibu kama mwanafunzi, akasimama na kusema, "Mkuu, naona siku ya Alhamisi kipindi cha tatu niko Kidato cha Pili, na wakati huo huo niko Kidato cha Nne. Sina pingamizi lolote. Naomba tu kufahamu kama mshahara nao umepangwa na programu hii hii." Chumba kizima kilivunjika mbavu, akiwemo mwalimu wa taaluma ambaye alikesha akiihangaikia ratiba hiyo. Kisha mwalimu wa historia, ambaye hakuwa amemsemesha mtu tangu alipofika, akasema yuko tayari kukichukua kipindi kimoja iwapo ataondolewa kile cha mwisho cha Ijumaa, na marekebisho niliyodhani yangekula asubuhi nzima yakamalizika kabla kengele haijalia.

Nimelitafakari tukio hilo kwa sababu, lau maneno yale yale yangetoka kinywani mwangu, yangekuwa tusi. Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, katika maandishi yake ya mwaka 1927 kuhusu ucheshi, anasimulia juu ya mfungwa anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, naye anasema kwamba wiki imeanza vizuri. Mzaha huo una heshima yake kwa kuwa umetoka kwa mfungwa. Ungetoka kwa mnyongaji tusingeweza kuusikiliza. Walimu wanaosahihisha karatasi hadi usiku wana haki ya kuutania mzigo huo namna wanavyotaka, na mimi niliyewatwika sina. Hili ndilo linalosahauliwa na wanaotuhimiza tuwe wakuu wacheshi.

Je, nimebakiwa na nini? Zaidi ya nilivyodhani. Ninaweza kuvitania vitu, kwa maana mashine ya kurudufu inayogoma kila panapokuwa na mtihani haina wa kumwonea haya. Ninaweza pia kujitania, ingawa kwa kipimo. Mwanasaikolojia wa Kanada, Rod Martin, na wenzake, waliopendekeza mwaka 2003 mgawanyo wa mitindo minne ya ucheshi, walitenganisha ucheshi wa kuwaunganisha watu na ule wa kumtia moyo mwenyewe, kisha wakaweka upande wa pili ucheshi wa kuwashambulia wengine na ule wa kujidhalilisha ili upendwe. Huo wa mwisho ni mtego wa viongozi wapole. Mkuu anayejiita mtu asiyefaa kila kikao huwalazimisha walimu kumbembeleza, na hiyo ni kazi nyingine anayowaongezea.

Kuna mahali ambapo mzaha hauingii kabisa: msiba, mtoto aliyedhulumiwa, tathmini ya mtu mmoja mmoja. Ningeongeza hapo malalamiko ya kazi. Mwalimu anayekuja kusema vipindi vimemzidi, akijibiwa kwa utani, ataondoka akitabasamu na mzigo wake vile vile, na hatarudi tena kulalamika. Kiongozi asiye makini atahesabu kuwa tatizo limekwisha.

Wanafunzi, kwa upande wao, hutuchekesha bila kukusudia, na nadhani wao ndio tiba yangu kubwa. Kijana mmoja alifikishwa kwangu kwa kuchelewa, akaulizwa sababu, akajibu kwa uso mkavu, "Sikuchelewa, mwalimu. Kengele ndiyo iliyowahi." Nilimwadhibu kama kanuni inavyotaka, nikasubiri atoke, kisha nikamwita makamu wangu nimsimulie, tukacheka hadi karani akaja kuuliza kama tuko salama. Makamu ndiye mtu pekee shuleni ambaye nina hakika kicheko chake si cha adabu, maana ninapotania vibaya hunitazama tu na kuendelea na kazi yake. Ningemshauri mkuu yeyote mpya amtafute mtu wa namna hiyo mapema, hata kabla hajakagua madawati.

Mwalimu wa hisabati, nimesikia, ana uigizaji wake wa namna ninavyofungua vikao, pamoja na kikohozi changu na ile tabia ya kusema "kwa kifupi" kabla ya maelezo marefu. Makamu anasema unafanana nami sana. Jumatatu tuna kikao cha matokeo ya mitihani, ambayo si mazuri, na nimemwomba huyo huyo mwalimu wa hisabati awe mwenyekiti wa nusu ya kwanza, wakati mimi nikiandika mambo yatakayosemwa.