Siku moja maishani mwangu: chumba cha betri, kituo cha nyuklia

Saa 11 alfajiri

Nje bado giza na baridi ya Oktoba imeshika. Nimeswali, chai iko kwenye chupa, natoka. Mimi ni fundi umeme kwenye kituo cha nyuklia hapa Marekani, na wiki hizi kituo kimezimwa ili kubadilisha mafuta ya kinu, yaani fimbo za urani. Nikimwambia mtu ninakofanya kazi, swali la kwanza ni mionzi. Huko mionzi si sehemu yangu kubwa. Mimi niko upande wa betri: zile zinazobaki zikifanya kazi wakati gridi imekatika na jenereta za dizeli hazijawaka.

Saa 12 na robo

Getini ni ukaguzi, mashine ya kugundua chuma, kadi, kipimo cha mionzi kifuani. Halafu kikao cha kabla ya kazi. Leo tunalijaribu fungu A la betri. Fungu B linabaki kazini, na milango yake imezungushiwa kamba na mabango ili asiingie mtu hata kwa bahati mbaya. Kila mmoja anataja kwa mdomo wake atakachofanya tindikali ikimrukia mwenzake. Wageni huona tunarudia rudia. Wacha turudie.

Saa 1 na nusu asubuhi

Hapa ndipo siku inapoanza kwangu. Chumba kina feni zinazozunguka muda wote, kwa sababu betri ikichajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni ikijikusanya inaweza kulipuka. Ndani kuna stendi za chuma zilizofungwa sakafuni dhidi ya tetemeko, na juu yake seli 60 za risasi na tindikali, kila moja ina zaidi ya kilo 100. Zimeungwa kwa mfululizo. Chaja inazishikilia kwenye volti 135 usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, wala haziombwi chochote.

Hapo ndipo penye hatari yake. Betri ya gari unaijua kila asubuhi unapowasha. Hii inaweza kukaa miaka bila kuguswa, halafu siku moja itakiwe ibebe kituo kizima.

Vyombo vya seli vinaonyesha ndani, kwa hiyo kabla ya mita natumia tochi na macho. Nalala karibu chini nitazame mashapo yaliyotua kwenye kitako. Namulika kingo za mabamba: yakimetameta kama yamenyunyiziwa chumvi, ujue chaji haikutosha na salfeti imeganda. Naangalia nguzo za juu, pale kutu inapopenda kuanzia kwa kuvimbisha kifuniko. Kuna wanaosifu betri zilizofungwa kabisa kwamba hazina usumbufu wa kuongeza maji. Kwa kazi hii mimi nataka betri ninayoweza kuiona tumboni.

Baada ya hapo vipimo: volti za kila seli, joto, uzito wa tindikali ukilinganishwa na maji, kwa haidromita, ukinzani wa kila kiungo kati ya seli na seli. Seli zote zinasoma karibu volti 2.25. Seli namba 37 inasoma 2.24. Tindikali yake 1.213, wenzake 1.215. Ukiishia hapa unaandika "nzima" na kwenda zako.

Saa 3 na nusu

Tumeitoa kwenye chaja na kuifunga kwenye mashine ya mzigo, kabati la vyuma vinavyogeuza umeme kuwa joto. Mwenzangu anahesabu, nabonyeza. Volti zinaporomoka ghafla, halafu baada ya muda mfupi zinapanda tena kidogo na kutulia. Ndiyo tabia ya betri za risasi. Fundi mpya akiona mara ya kwanza hutaka kusimamisha jaribio. Tunamshika bega, subiri.

Kuanzia sasa mkondo haubadiliki. Betri hii imetengenezwa itoe mkondo huu kwa saa 4 kabla volti za jumla kushuka hadi 105, yaani wastani wa 1.75 kwa seli. Ikidumu dakika 240, uwezo wake ni asilimia 100. Ikishuka chini ya asilimia 80, inabadilishwa yote. Jaribio kama hili hufanywa kila baada ya miaka 5, na betri ikizeeka au ikianza kupungua kasi, linafanywa mara nyingi zaidi.

Saa 4 hadi saa 6

Saa hizi ni za kutembea kati ya stendi na kamera ya joto, tukitafuta kiungo kinachopata moto, na kuandika namba.

Akili yangu siku za jaribio huenda Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia cha Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata gridi, jenereta za dizeli zikawaka kama zilivyotakiwa. Kama dakika 50 baadaye maji ya tsunami yakaingia. Wengi wanakumbuka kwamba jenereta zilizama. Wachache wanajua kwamba kwenye vinu namba 1 na 2 betri nazo zilizama, na hapo ndipo waendeshaji wa vinu walipofushwa. Taa za chumba cha udhibiti zilizimika, vipimo vikafa, hawakujua vali ipi imefunguka na ipi imefunga. Kinu kilikuwa kimezimika, lakini mafuta yake hayapoi kwa kuzimwa: mara tu baada ya kuzima bado yanatoa karibu asilimia 6 ya joto la nguvu kamili, na kwa kinu kikubwa hiyo ni megawati nyingi mno.

Wakatoka nje na kuchomoa betri kwenye magari. Usiku, kwa tochi, wakaziunga nyuma ya paneli ili mita ya maji ya kinu namba 1 isome. Ilisoma kwamba maji yako juu ya mafuta. Haikuwa kweli. Hata umeme uliporudi kwenye mita, mita yenyewe ilikuwa imeshapotoshwa na joto la ndani.

Betri za kinu namba 3 hazikuzama. Kwa kupunguza kila mzigo usio wa lazima, zilibeba upozaji hadi usiku wa kuamkia tarehe 13. Zilipoishiwa, wakakusanya betri za magari 10, kila moja volti 12, wakaziunga kwa mfululizo wapate 120 za kufungulia vali. Nikiushika waya wa betri ninawafikiria wale watu, mikono yao gizani, na ardhi ikiendelea kutetemeka.

Kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, ni mfano wa pili ambao mafundi wa betri tunauzungumza. Tarehe 25 Julai 2006 hitilafu kwenye uwanja wa umeme ilileta mshtuko wa volti hadi ndani ya kituo. Mifumo miwili kati ya minne ya umeme wa dharura wenye betri ikajizima, na jenereta zake mbili, ingawa ziliwaka, hazikuweza kujiunga. Waendeshaji waliziunga kwa mkono baada ya dakika kama 22. Betri zilikuwa na chaji. Kilichokosekana ni njia ya kuutoa umeme huo.

Saa 6 mchana

Tunakula kwa zamu. Mpwa wangu wa Malindi amenitumia sauti: "Mjomba, shikamoo. Watu wa kijiji cha Uyombo, hapa kwetu Kilifi, waliukataa mradi wa nyuklia. Wewe uko ndani, sema kweli, ni hatari?"

Namjibu: marahaba mwanangu. Mwenye kutaka kujenga, popote pale, muulizeni umeme ukikatika na jenereta zikagoma, kituo kinasimama kwa betri saa ngapi, ziko ghorofa gani, na nani alizijaribu kwa mzigo mara ya mwisho. Akikujibu kwa karatasi yenye tarehe, endeleeni kuzungumza naye. Hapa Marekani sheria ya 1988 ilivilazimisha vituo kuthibitisha vitavumilia muda gani bila umeme wowote wa AC, yaani wa gridi au wa jenereta, vingi vikapangiwa saa 4 au 8. Baada ya Fukushima, agizo la 2012 likaongeza mitambo ya kubebeka, zikiwemo jenereta za kuzichaji betri upya.

Saa 7 na dakika 20

Volti 105. Tunakata mzigo. Dakika 230, chumba kina nyuzi 25, joto lilelile la kipimo, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha: asilimia 96. Imefaulu. Miaka 5 iliyopita ilitoa 104.

Lakini ile seli namba 37. Saa ya tatu ya jaribio wenzake walikuwa kwenye 1.88, yenyewe 1.81. Mwishoni wao 1.75, yenyewe 1.58. Asubuhi hakuna mita iliyoiona.

Saa 9 alasiri

Mhandisi anasema matokeo yako ndani ya kipimo, na kweli yako ndani. Namwekea grafu mezani. Seli dhaifu kwenye mfululizo haibaki kuwa dhaifu tu. Wenzake wakiendelea kusukuma mkondo ndani yake inageuka, inakuwa mzigo kwao. Na betri imeshuka kwa 8 ndani ya miaka 5. Ikishuka kwa zaidi ya 10 ratiba ya majaribio inafupishwa. Tunabishana kwa heshima, ananiuliza juu ya chaji ya miezi iliyopita, anakwenda kusoma kumbukumbu. Anarudi amekubali: seli 37 inatoka. Tunazo za akiba, aina ileile, zimewekwa kwenye chaji.

Saa 11 jioni

Chaja imerudishwa, mkondo uko juu, feni zote zinafanya kazi na nimezikagua mwenyewe. Itachukua usiku mzima kujaa. Namkabidhi wa zamu ya usiku: wasiiguse 37 hadi mkondo wa chaji utulie, ndipo ibadilishwe, nguzo zisafishwe kabla ya kupaka grisi, bolti zikazwe kwa kipimo, kisha ukinzani wa viungo vile viwili upimwe na kuandikwa upya. Fungu B halijaribiwi mpaka A limerudi kazini na mwendeshaji mkuu ameweka sahihi.