Nilivyochambua mitishamba ya mama anayetumia warfarini

Mama ana vali ya chuma moyoni, kwa hiyo warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha. Daktari anataka INR yake, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu yaweza kuganda kwenye vali. Ikipanda mno, anaweza kuvuja damu kwa ndani.

Sasa mama ni mtu wa watu. Kila anayekuja kumjulia hali haji mikono mitupu: unga wa mlonge, vidonge vya kitunguu saumu kutoka Uingereza, na chupa ya dawa ya "kusafisha damu" iliyonunuliwa stendi. Kabla hajaonja chochote nilivitia vyote kikapuni, na maboksi yake, nikaenda navyo siku ya kliniki.

Nilimuuliza mfamasia kama ni salama. Akaligawa swali langu mara mbili.

Kwanza, je, kitu hiki kinaingilia kazi ya warfarini? Mlonge ni majani ya kijani, yana vitamini K inayosaidia damu kuganda, na warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo. Mchicha na kisamvu ni vivyo hivyo, lakini mama hakukatazwa mboga. Aliambiwa asile nyingi wiki hii halafu akaziacha wiki ijayo, maana dozi inapangwa kufuatana na anavyokula.

Pili, je, chenyewe kinaleta uvujaji? Vidonge vya saumu, na vya ginkgo (dawa nyingine ya mitishamba), vinaweza kudhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, na INR haipimi chembe hizo. Hapo ndipo nilipofunguka macho, kwa sababu nilidhani INR ikiwa nzuri basi mambo shwari. Saumu ya kwenye mchuzi haina neno. Iliyokolezwa kwenye kidonge ni habari nyingine.

Ile chupa haikuandikwa kilichomo. Mfamasia aliirudisha kikapuni bila kuifungua. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za maumivu za hospitali, na baadhi ya hizo pamoja na warfarini huvujisha damu tumboni.

Kazi ngumu ilikuwa shangazi, aliyeileta. Nilimwambia, "Shikamoo shangazi. Zawadi yako tumeipokea, ila kliniki wamesema mama asiongeze kitu mpaka wao waruhusu." Lawama ikaenda kliniki, akaridhika. Kwa maoni yangu hii ni bora kuliko kumhutubia mtu mzima kuhusu vitamini.

Siku hizi tuna daftari. Kila kinacholetwa kinaandikwa na tarehe, na kliniki wanakiona kwanza. Kikiruhusiwa, mama anapimwa INR mapema kuliko kawaida. Kikiachwa pia tunasema, kwa kuwa kuacha nako kunasogeza kipimo. Kwenye jalada nimeandika kwa wino mwekundu mambo ya kumkimbiza hospitali bila kungoja miadi: choo cheusi, mkojo wenye damu, kuanguka na kugonga kichwa hata kama anasema haumwi.